Nusu ya Maisha ya Fleming Tusiyoisimulia Darasani

Anayeijua Nunguni anafahamu kwamba mwezi wa Julai vilima vya Kilungu huamka vimejifunika ukungu, na mgeni aliyetoka Nairobi bila koti hujuta. Katika mwezi huo nilikuwa huko kuwaamkia wazee, na asubuhi moja nikaingia katika duka la dawa kununua vidonge vya kifua. Mbele yangu alisimama msichana wa shule ya upili, amevaa sare, akiashiria kwa kidole tyubu ndogo iliyokuwa kwenye rafu. Mwenye duka aliitwaa na kumkabidhi bila ya kumwuliza swali hata moja. Ilikuwa marhamu ya kiuavijasumu, ile ambayo kwa hakika imekusudiwa kutibu macho.

Ualimu ni ugonjwa usio na dawa, basi nikamwuliza binti yule macho yake yana nini. Akanijibu kwa adabu kwamba macho hayana neno, ila ni chunusi za usoni. Bweni zima, alisema, hutumia marhamu hiyo. Hujipaka kidogo kabla ya kulala, huacha chunusi zinaponywea, na hurudia zinapochomoza tena. Tyubu moja hupita mikononi mwa wasichana wanne au watano hadi iminywe ikauke. Nikamwuliza kama anajua dawa za jamii hiyo asili yake ni nini. Hapo uso ulimng'aa. Alinitajia Alexander Fleming, mwaka 1928, kisahani kilichosahauliwa mezani na kuvu iliyoua bakteria. Alikuwa amejifunza vizuri, na mwalimu wake anastahili sifa. Lakini alichojifunza ni nusu tu ya maisha ya mtu yule, na nusu iliyosalia ndiyo hasa iliyomhusu yeye na tyubu yake.

Kabla sijaisimulia, wasomaji wanistahimilie nitaje jambo la fani yangu. Neno chunusi katika Kiswahili lina maana mbili: vipele vya usoni, na vilevile lile pepo la majini ambalo wazee wa pwani huamini kwamba humvuta mwogeleaji hadi kilindini. Sidai kwamba maneno hayo yana asili moja, lakini kijana wa miaka 16 anayejitazama kiooni asubuhi hatashangaa kusikia kwamba yana jina moja. Marhamu tuliipata kwa Waarabu zamani, na maana yake ni dawa laini ya kupaka, basi. Kiuavijasumu ni neno la juzi, lililoundwa mezani na wataalamu, nalo kosa lake ni kwamba linaahidi mno. Mtu akisikia kitu kinachoua, hudhani kinaua daima, kila mahali, na kwa kiasi chochote kile.

Sasa turudi kwa Fleming, na kwanza tuondoe uzushi. Kuna hadithi ambayo nimeisikia katika magwaride ya shule na hata katika mahubiri, ya kwamba baba yake, mkulima maskini, alimwokoa Winston Churchill alipokuwa mtoto akizama, na kwamba jamaa ya Churchill ikamlipia Fleming karo kwa shukrani. Kisha penisilini ikamwokoa Churchill mara ya pili alipougua nimonia katika vita. Hadithi ni tamu, lakini si ya kweli. Churchill alipougua mwaka 1943 alitibiwa kwa dawa ya jamii ya salfa, si penisilini. Na karo ya Fleming, kama tutakavyoona, ilitoka kwingine.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield karibu na mji mdogo wa Darvel, nchini Scotland. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mzee aliyeoa mara ya pili, naye alifariki mtoto akiwa na miaka saba. Mtoto alikua miongoni mwa kondoo na vijito, akitembea maili kadhaa kwenda shuleni na kurudi, jambo ambalo watoto wa Kilungu hawahitaji kuelezwa. Alipokuwa kijana mdogo alihamia London kwa kaka yake, akasoma kidogo, kisha akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya meli kwa miaka minne, kazi ambayo hakuipenda hata kidogo. Mwaka 1901 alipata sehemu yake ya urithi kutoka kwa ami yake. Fedha hizo, pamoja na ushauri wa kaka yake aliyekuwa daktari, ndizo zilizomwingiza katika chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's. Alihitimu mwaka 1906, akabaki hapohapo, na inasemekana kwamba alishawishiwa kubaki ili chama cha kulenga shabaha cha hospitali kisipoteze mpiga risasi hodari. Mkubwa wake alikuwa Almroth Wright, msemaji mkubwa aliyeamini kwamba njia bora ya kupambana na maradhi ni kuuimarisha mwili wenyewe kwa chanjo. Fleming, kwa upande wake, alikuwa mtu wa maneno machache, kiasi kwamba wageni walitaabika kuzungumza naye.

Hapa ndipo nusu isiyosimuliwa inapoanza. Mwaka 1909, miaka 19 kabla ya kile kisahani, Fleming alichapisha katika jarida la The Lancet makala kuhusu chanzo cha chunusi na tiba yake kwa chanjo. Naam, chunusi zizi hizi za bweni letu. Yule ambaye jina lake limefungamana na viuavijasumu alikuwa tayari amekaa na vijana wenye nyuso za vipele, akatoa usaha wao, akautazama kwa hadubini, akaotesha bakteria waliokuwamo, akawaua na kuwatumia kama chanjo ya kumdunga mgonjwa. Haikudumu. Chanjo za namna hiyo ziliachwa baadaye, na sababu yake tunaielewa vizuri zaidi leo: chunusi si ugonjwa unaoingia kutoka nje kama ndui. Homoni za ujana huzidisha mafuta ya ngozi, vinyweleo huziba, na bakteria ambao wamo katika ngozi ya kila mtu, mwenye chunusi na asiye nazo, huchochea uvimbe ndani ya kinyweleo kilichoziba. Kumwua bakteria huyo peke yake ni kuupunguza moshi na kuuacha moto.

Somo la pili alilipata vitani. Mwaka 1914 alikwenda Ufaransa pamoja na Wright, na maabara yao ikawekwa katika jumba la kasino karibu na Boulogne. Askari waliletwa wakiwa na majeraha yaliyojaa udongo, vipande vya nguo na kinyesi cha farasi. Desturi ya wapasuaji ilikuwa kumimina dawa kali za kuua viini ndani ya jeraha, wakiamini kwamba dawa ikiwa kali zaidi ndivyo jeraha litakavyopona upesi zaidi. Fleming alitilia shaka. Alichukua neli ya kioo, akaiyeyusha na kuivuta mpaka ikatoa miiba mingi mirefu yenye uwazi ndani, mfano wa jeraha la bomu lenye vichochoro. Akaijaza majimaji yenye bakteria, akayamwaga, akaweka dawa, akaiacha, kisha akaimwaga dawa na kuijaza neli majimaji safi. Bakteria wakaota tena, kwani dawa haikuwafikia waliojificha kwenye ncha za miiba. Baya zaidi, alionyesha kwamba katika jeraha halisi dawa zile ziliziua chembechembe nyeupe za damu, yaani wale askari wa mwili wenyewe, kabla ya kuwamaliza bakteria. Hivyo basi dawa ya kuua viini ilikuwa ikiwasaidia viini. Wright na yeye walipendekeza jeraha lisafishwe, nyama iliyokufa iondolewe, na litumike maji ya chumvi. Wapasuaji wengi hawakuwasikiliza.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu bila ya kulielewa mtu hawezi kuelewa kwa nini Fleming alikitazama kile kisahani alipokiona, ilhali wengine wengi yamkini wangekitupa. Tangu Boulogne alikuwa akitafuta kitu kimoja: kitu kitakachomdhuru bakteria na kuisaza chembe ya mwili. Mnamo 1921 alifikiri amekipata aliposhikwa na mafua. Ute wa pua yake mwenyewe uliyeyusha bakteria fulani katika kisahani. Akagundua kwamba kitu hicho, alichokiita lisozimu, kimo pia katika machozi, na wahudumu wa maabara wakawa wanakamuliwa malimau machoni ili watoe machozi ya utafiti, kwa malipo kidogo. Bahati mbaya lisozimu iliwashinda zaidi bakteria wasio na madhara makubwa. Hata hivyo ilimthibitishia kwamba uso wa binadamu una dawa yake yenyewe tangu kuzaliwa.

Kisha ukaja mwaka 1928. Katika masimulizi ya darasani husemwa tu kwamba kisahani kilikuwa na bakteria. Ni bakteria gani? Walikuwa stafilokoka, yaani walewale waletao majipu, usaha wa vidonda na upele wa watoto. Fleming alikuwa ameombwa aandike sura ya kitabu juu yao, na aliacha visahani vyao mezani alipokwenda likizo. Aliporudi mwanzoni mwa Septemba alikuta kimoja kimeota kuvu, na kuizunguka kuvu hiyo bakteria walikuwa wameyeyuka. (Kiswahili huita kuvu ya namna hiyo ukungu pia, neno lilelile la ukungu wa asubuhi ya Kilungu, na nilimwambia hivyo binti yule, alicheka.) Bahati ilikuwapo, hatukatai. Lakini bahati ilimkuta mtu aliyekuwa ameutafuta ukungu huo kwa miaka 14 bila ya kujua kwamba ni ukungu. Miongoni mwa majaribio yake ya mwanzo lilikuwamo lile la Boulogne: aliuchanganya mchujo wa kuvu na chembechembe nyeupe za damu, naye akaona haukuzidhuru.

Katika makala yake ya mwaka 1929 alikiita kitu hicho penisilini, na akapendekeza kwamba huenda kikafaa kupakwa au kudungwa mahali penye viini vinavyodhuriwa nacho. Yaani wazo lake la kwanza kuhusu penisilini lilikuwa karibu sana na marhamu. Na hapa pana kisa ambacho ningependa kila mwalimu wa biolojia akijue. Mwaka 1930 daktari mmoja huko Sheffield, Cecil Paine, aliyekuwa amesoma St Mary's, aliotesha kuvu hiyo na kuutumia mchujo wake kwa wagonjwa. Aliwajaribu kwanza watu wenye vipele vya usaha katika vinyweleo vya ndevu. Ilishindikana, yamkini dawa haikupenya hadi vilipo viini. Kisha akawajaribu watoto wachanga waliokuwa na maambukizo makali ya macho, na ikafaulu. Basi matumizi hayo ya mapema ya penisilini yalishindwa kwenye vipele vya uso na kufaulu kwenye macho. Paine hakuyachapisha matokeo hayo, na Fleming mwenyewe, kwa kuwa hakuwa mwanakemia na dawa ilimharibikia upesi, aliiweka kando.

Waliofanya penisilini iwe dawa ni watu wa Oxford: Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley. Mwezi wa Mei 1940 waliwadunga panya wanane viini vya kuua. Wanne waliopewa penisilini walinusurika na wanne wasiopewa walikufa. Tarehe 12 Februari 1941 walimpa dawa hiyo polisi aitwaye Albert Alexander. Huyu alikuwa na jeraha dogo usoni, dogo kiasi ambacho nyumbani kwetu mtu angepaka majivu na kwenda shamba. Stafilokoka na streptokoka walikuwa wameingia humo, wakatapakaa, jicho moja likang'olewa. Alipodungwa penisilini alianza kupata nafuu ya ajabu. Dawa ilikuwa chache mno hata ikawa inakusanywa tena kutoka katika mkojo wake ili adungwe upya. Ikaisha kabla hajapona, viini vikarudi, akafariki tarehe 15 Machi. Watu waliokufa kwa mkwaruzo wa namna hiyo kabla ya miaka ile hawahesabiki, huko Uingereza na huku kwetu.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Magazeti yalimpenda Fleming zaidi kwa sababu kisahani chake kilikuwa hadithi, na jasho la Oxford halikuwa hadithi. Kwa maoni yangu angeweza kufanya bidii kubwa zaidi kuwaelekeza waandishi mahali palipostahili, ingawa hadharani aliwataja wenzake. Lakini siku hiyo ya Stockholm alifanya jambo ambalo linamtukuza kuliko kile kisahani. Wakati dunia nzima ilikuwa ikiimba penisilini, yeye aliitumia hotuba yake kuonya. Alieleza kwamba katika maabara si vigumu kuwafanya viini wawe sugu: unawapa dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Akatunga mfano wa mume mwenye maumivu ya koo anayejinunulia penisilini na kutumia kiasi kidogo. Viini vyake vinajifunza kuihimili dawa, vinamwambukiza mkewe, mke anaugua nimonia, penisilini haimsaidii, naye anafariki. Fleming aliwauliza wasikilizaji wake ni nani basi aliyemwua mwanamke yule, na jibu lake lilimwangukia mume aliyecheza na dawa.

Haikuchukua hata miaka mitatu. Penisilini ilikuwa imeanza kutiwa katika lozenji na katika marhamu. Katika hospitali moja ya London, Mary Barber alipima stafilokoka waliotoka kwa wagonjwa. Mwaka 1946 waliokuwa sugu kwa penisilini walikuwa takriban 14 katika kila 100. Mwaka 1947 wakawa 38. Mwaka 1948 wakawa 59. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1947 ya kuzuia penisilini isiuzwe bila cheti cha daktari. Madaktari wa ngozi nao waliiacha marhamu ya penisilini, kwa maana iliwaletea watu wengi mzio, na mtu mwenye mzio hawezi kudungwa dawa hiyo siku atakapoihitaji kuokoa maisha. Viuavijasumu vingine vilivyofuata, tetrasaiklini, neomaisini na vinginevyo, vilichukua nafasi yake katika tyubu, na kila kimoja kimepita njia hiyohiyo. Mwaka 1961 walitangazwa stafilokoka wasiosikia hata dawa mpya iliyotengenezwa mahsusi kuwashinda wale sugu. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni moja duniani walifariki moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na mzigo mzito zaidi uko Afrika kusini mwa Sahara.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuikumbuka penisilini kwa shukrani. Buba, ambayo iliharibu nyuso na miguu ya watoto wetu kwa vizazi, ilirudishwa nyuma kwa sindano moja tu ya penisilini katika kampeni za miaka ya 1950. Wazee waliyaona makovu hayo, na yaelekea heshima waliyonayo kwa sindano na kwa dawa ya kizungu ilitiwa nguvu na jambo hilo. Lakini buba ilitibiwa kwa dawa iliyojulikana, kwa kiini kilichojulikana, kwa kiasi kilichopimwa. Tyubu ya bwenini haina hata moja katika matatu hayo. Sheria yetu ya Kenya nayo inataka kiuavijasumu kitolewe kwa cheti. Ukweli wa maduka yetu kila mtu anaufahamu.

Sisemi kwamba marhamu hizi hazina kazi. Upele wa usaha wa watoto, ukiwa sehemu ndogo ya ngozi, huponywa vizuri na marhamu ifaayo inayotolewa na anayejua, kwa siku zilizotajwa. Chunusi ni habari nyingine. Madaktari wa ngozi leo hawashauri kiuavijasumu cha kupaka kitumiwe peke yake kwa chunusi. Huanza na dawa zisizo viuavijasumu, kama vile benzoili peroksaidi, ambayo bakteria hawajifunzi kuihimili. Na kwa kidonda kidogo kisafi, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 ulilinganisha marhamu ya kiuavijasumu na vaselini tupu kwa wagonjwa zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi: kwa upande wa kupona na kuambukizwa hapakuonekana tofauti ya maana, ila wachache waliopaka kiuavijasumu walipata mzio na waliopaka vaselini hawakupata. Fleming wa Boulogne asingeshangaa.

Alifariki London tarehe 11 Machi 1955 kwa ugonjwa wa moyo. Majivu yake yamehifadhiwa katika kanisa kuu la St Paul's, mahali pa mashujaa, naye ni mkulima wa Lochfield aliyependa kuchora picha za askari na nyumba kwa kutumia bakteria wa rangi mbalimbali badala ya wino.

Mengi ya haya nilimweleza binti yule tukiwa tumesimama barazani mwa duka, na mwenye duka akisikiliza huku anajifanya anapanga chupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo ningefurahi kuulizwa na mwanafunzi wangu wa chuo kikuu: kama dawa ile ya kwanza ilishindwa hata kwa vipele vya ndevu, mbona bwenini kila mtu anaona inafanya kazi? Nikamwambia kwamba chunusi moja, ukiiacha bila ya kuiminya, aghalabu hunywea yenyewe kwa siku chache, ukiwa umepaka au hukupaka. Na kwamba njia ya kujua ni kupaka shavu moja na kuacha la pili, kisha kuhesabu. Akafikiri kidogo. Tyubu alikuwa amekwisha kuilipia, basi akaitia katika mfuko wa sweta, akaniaga kwa heshima, na kushuka njia ya shuleni ndani ya ukungu.